KIFUKO CHA MAJI KATIKA TAYA LA JUU: JINSI PICHA ZA EKSIREI ZINAVYOFICHUA MARADHI YALIYOJIFICHA

Somo kwa watu wa Kitui na Makueni

Katika nchi kavu ya Kitui na Makueni kila mtu ajua ya kuwa maji yaweza kuwamo mahali ambapo jicho halioni ila mchanga mtupu. Mto umekauka, ng'ombe wapita juu yake, watoto wacheza humo, na hali chini ya mchanga maji yamelala yakingoja jembe. Mtu mwenye akili hachimbi ovyo. Hutazama dalili kwanza, huuliza wanaojua, kisha ndipo aanzapo kuchimba.

Maji yaweza kujificha vile vile ndani ya mfupa wa taya. Lakini maji ya mtoni ni neema, na maji ya ndani ya taya ni maradhi. Mtu aweza kuwa nayo mwaka mzima, au miaka mitano, asijue. Hasikii maumivu, hula chakula chake na kulima shamba lake. Siku moja huona ya kuwa shavu limevimba kidogo kando ya pua, au jino la mbele limeanza kuegemea upande. Wengine husema ni jipu, wengine husema amelogwa, na wengine humwambia ang'oe jino lo lote lililo karibu. Wote hawa wanachimba mchanga bila kutazama dalili.

Somo hili laeleza maradhi hayo ni nini, na jinsi picha za eksirei zinavyomwezesha daktari kuona ndani ya mfupa kabla hajagusa kisu wala koleo.

KIFUKO HICHO NI KITU GANI

Madaktari hukiita sisti. Ni kifuko kilichofungwa pande zote, chenye ngozi nyembamba kwa ndani na maji maji katikati. Kikikaa ndani ya mfupa hukua polepole sana. Chembe za ngozi yake hufa na kuanguka katikati ya kifuko. Zikioza huvuta maji kutoka katika nyama zilizo jirani. Maji yakizidi, kifuko hutanuka. Na kifuko kikitanuka, mfupa unaokizunguka hulika na kumpisha mgeni huyu. Mwisho wake mfupa wa nje huwa mwembamba kama ganda la yai, na daktari akiubonyeza kwa kidole huusikia ukilialia.

Sisti iliyo ya kawaida kupita zote hutokana na jino lililokufa. Jino lina kiini cha nyama laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu la jino likiachwa bila kuzibwa, vijidudu huingia mpaka kwenye kiini na kukiua. Uchafu wake hutoka katika ncha ya mzizi na kuuchokoza mfupa. Hapo ndipo kifuko huanzia. Mahali kinapopenda zaidi ni sehemu ya mbele ya taya la juu, yaani kwenye mizizi ya meno yale yanayoonekana mtu anapocheka.

Ajali pia huua kiini cha jino. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, au kijana aliyeanguka na pikipiki ya boda boda, aweza kupigwa meno ya mbele bila jino hata moja kung'oka. Maumivu hupoa baada ya siku chache na jambo husahauliwa. Lakini jino limekufa ndani kwa ndani, na baada ya miezi au miaka hugeuka rangi likawa la kijivu.

Yafaa kukumbuka hapa desturi moja ya kale. Wakamba wa zamani walikuwa wakichonga meno ya mbele ya juu ili yawe na ncha, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa pambo. Gerhard Lindblom, msomi wa Sweden aliyekaa Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliandika habari zake katika kitabu chake juu ya Wakamba. Chuma cha fundi kikipita kiasi na kukifikia kiini, njia ya vijidudu hufunguka, kama vile ambavyo ingefunguliwa na tundu la kuoza. Vijana wa siku hizi hawachongwi meno, lakini kanuni haikubadilika: jino lililofunguliwa mpaka kiini, kwa sababu yo yote ile, laweza kuzaa kifuko.

JINSI ILIVYOVUMBULIWA NURU IPITAYO NYAMA

Mpaka mwisho wa karne ya kumi na tisa hapakuwa na njia ya kuona ndani ya mfupa wa mtu aliye hai. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akijaribu umeme katika chupa iliyotolewa hewa. Aliifunika chupa hiyo kwa karatasi nyeusi nzito, na hata hivyo akaona kipande cha ubao uliopakwa dawa kikiangaza gizani. Akatambua ya kuwa kuna mionzi isiyoonekana iliyopenya karatasi. Kwa kuwa hakujua asili yake, akaiita X, yaani kisichojulikana. Tarehe 22 Desemba mwaka ule ule alipiga picha ya mkono wa mke wake. Mifupa ya vidole ilionekana wazi, na pete juu yake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Habari zilienea upesi. Mnamo Januari 1896 daktari wa meno wa Kijerumani, Otto Walkhoff, alipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alilazimika kukaa kimya bila kutikisika kwa muda wa dakika 25. Leo picha kama hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde moja.

Afrika haikungoja muda mrefu. Mwaka 1898, katika vita vya Sudan, daktari wa jeshi la Waingereza jina lake Battersby aliweka mashine ya eksirei mahali paitwapo Abadieh, kando ya mto Naili, ili kutafuta risasi katika miili ya majeruhi. Umeme haukuwapo, basi baisikeli ya watu wawili ilikanyagwa ili kuzungusha mtambo wa kutoa umeme.

KUKISOMA KIVULI

Picha ya eksirei ni picha ya kivuli. Mionzi hutoka upande mmoja, hupita katika mwili, na kuangukia filamu au bamba la umeme lililo upande wa pili. Kitu kigumu kama mfupa na jino huizuia mionzi mingi, na mahali pake katika picha huwa peupe. Kitu laini kama nyama na maji huiruhusu kupita, na mahali pake huwa peusi zaidi. Hewa huiruhusu yote karibu, na mahali pake huwa peusi kabisa.

Basi kifuko cha maji kikikaa katikati ya mfupa huonekana kama doa jeusi la mviringo. Kwa kuwa kinakua polepole, mfupa hupata nafasi ya kujijengea ukuta mwembamba kukizunguka, na ukuta huo huonekana kama mstari mweupe, mwembamba, uliochorwa kama kwa kalamu. Mstari huo ni ushahidi mkubwa. Humwambia daktari ya kuwa mgeni huyu hana haraka wala hana ukali. Kifuko kikiingiwa na usaha, mstari huo hufifia, na picha huwa ngumu kusomwa.

Katika taya la chini kazi hii ni nyepesi kidogo. Taya la juu lina matata yake. Ndani ya mfupa wa kila shavu, juu ya magego, mna pango la hewa ambalo Mungu ameliweka kwa kila mtu. Pango hilo nalo ni jeusi katika picha, nalo lina mstari mweupe ukingoni. Juu yake kuna tundu la jicho, na katikati kuna njia za pua. Vivuli hivi vyote hulaliana katika picha moja kama watu watatu wanaosimama mmoja nyuma ya mwingine jua likiwa usoni pao. Asiyejifunza aweza kuliita pango la afya kuwa ni kifuko, au kukiita kifuko kuwa ni pango.

Kuna alama moja ya kuvipambanua. Kifuko kilichotoka katika jino, kikikua kuelekea juu, huisukuma sakafu ya pango. Kwa hiyo mstari mweupe wa mfupa huonekana ukipita juu ya kifuko, kama paa lililoinuliwa. Lakini kuna uvimbe mwingine, usiokuwa na madhara makubwa, unaotokea ndani ya pango lenyewe kutokana na ngozi yake. Huo huonekana kama kilima kidogo cha mviringo juu ya sakafu, wala hauna mstari mweupe juu yake. Mara nyingi hauhitaji kukatwa. Tofauti ya mstari mmoja mwembamba yaweza kumwokoa mtu na kisu kisichohitajiwa.

VIFUKO VYA NAMNA MBALI MBALI

Kifuko cha jino lililokufa huonekana kimening'inia katika ncha ya mzizi wa jino hilo. Doa jeusi likizidi sentimita moja, daktari hushuku sisti zaidi kuliko uchokozi mdogo wa mfupa. Lakini picha peke yake haikati shauri hili.

Kifuko cha jino ambalo halijatoka hulizunguka taji la jino lililobaki mfupani, nacho hushikamana na shingo ya jino hilo. Katika taya la juu, jino linalopatwa mara nyingi ni chonge. Chonge la juu hutoka kwa kawaida mtoto akiwa na umri wa miaka 11 au 12. Mtoto akitimiza miaka 13 na chonge lake halijaonekana, hali la upande wa pili limekwisha kutoka, wazazi wake wampeleke kwa daktari wa meno ili apigwe picha. Kifuko kikikua bila kuzuiwa, huweza kulisukuma jino hilo hata likapanda ndani ya pango la shavu.

Namna ya tatu haina uhusiano na jino lo lote. Nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu, katikati ya kaakaa, kuna njia ndogo ambamo mishipa hupita. Masalio ya njia hiyo yaweza kutanuka na kuwa kifuko. Katika picha huonekana katikati kabisa, mara nyingi kwa umbo la moyo. Njia yenyewe, ikiwa na afya, kwa kawaida haizidi milimita 6 kwa upana.

Namna hii ya tatu yataka uangalifu mkubwa. Mathalan, mwanamke wa kusini ya Kitui ameona uvimbe kwenye kaakaa lake, nyuma ya meno ya mbele. Akienda kwa mtu asiyekuwa na picha, ataambiwa ya kuwa meno hayo mawili ndiyo yenye ubaya, nayo yatang'olewa. Meno yatakwenda, na uvimbe utabaki pale pale, kwa sababu meno hayakuwa na kosa. Daktari mwenye mafunzo hupiga picha, kisha huyagusa meno hayo kwa kitu cha baridi. Jino lililo hai husikia baridi. Jino lililokufa halisikii. Doa likiwa katikati na meno yote mawili yakawa hai, meno huachwa, na kifuko peke yake hutolewa.

Namna ya nne hupatikana zaidi katika taya la chini, ingawa huonekana la juu pia. Ngozi yake hutoa kitu kama jibini badala ya maji. Sifa yake mbaya ni kurudi baada ya kutolewa. Mwenye namna hii huambiwa arudi kupigwa picha mwaka baada ya mwaka, wala asipuuze mwito huo kwa kuwa hasikii maumivu.

PICHA GANI KWA KAZI GANI

Picha ndogo ya kinywani ndiyo ya kwanza. Filamu au bamba dogo huwekwa ndani ya kinywa nyuma ya jino, na jino moja au mawili huonekana vizuri pamoja na mizizi yake. Ikiwa kifuko ni kikubwa kupita filamu hiyo, hutumiwa filamu pana zaidi ambayo mgonjwa huiuma kwa meno yake, na kaakaa lote huonekana kama ramani.

Hata hivyo picha moja haionyeshi mbele wala nyuma. Daktari akiona chonge lililojificha, hajui kama liko upande wa mdomo au upande wa kaakaa. Hapo hutumia hila ambayo kila mpita njia aijua. Mtu akitembea karibu na Kibwezi na kutazama mibuyu miwili, mmoja karibu na mwingine mbali, huona ya kuwa mbuyu wa mbali waonekana kufuatana naye, na ule wa karibu waonekana kurudi nyuma. Basi hupigwa picha mbili, na baada ya ile ya kwanza mashine husogezwa kidogo upande mmoja. Kitu kilichofuatana na mashine kiko mbali nayo, yaani upande wa kaakaa. Kilichokwenda kinyume kiko upande wa mdomo. Kwa njia hiyo daktari hujua mahali pa kukata.

Picha ya panorama huonyesha taya la juu na la chini na meno yote kwa mara moja. Mgonjwa husimama, na mashine huzunguka kichwa chake. Daktari Yrjö Paatero wa Finland ndiye aliyeiendeleza sana njia hii katika miaka ya 1950. Ni picha njema ya kuanzia, lakini sehemu ya mbele ya taya la juu yaweza kufifia ndani yake kwa sababu uti wa shingo huweka kivuli chake hapo.

Kifuko kikiwa kikubwa, kikakaribia pua, jicho au pango la shavu, huhitajiwa skani ya CT. Mtu wa kwanza alipigwa picha ya CT mjini London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amepata hesabu za kazi hiyo peke yake. Mashine hii hukata picha ya kichwa vipande vyembamba, kama mkate, na kila kipande huweza kutazamwa peke yake. Tena hupima uzito wa kivuli kwa namba: hewa ni 1000 chini ya sufuri, maji ni sufuri, na mfupa uko mamia mengi juu ya sufuri. Kwa namba hizo daktari hujua kama kilichomo ni maji au ni nyama ngumu. Iko pia mashine ndogo ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya meno na taya tu, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1990, na mionzi yake kwa kawaida ni michache kuliko ya CT kubwa.

Altrasaundi haitumii eksirei bali mawimbi ya sauti. Haiwezi kupenya mfupa mzima, lakini mfupa ukiwa umeliwa na kuwa mwembamba huweza kuonyesha maji yaliyo nyuma yake. Pia hufaa kwa kifuko kinachokaa katika nyama chini ya tundu la pua, nje ya mfupa, ambacho picha ya kawaida ya eksirei haikionyeshi.

KATIKA KITUI NA MAKUENI

Zamani mgonjwa wa taya alikuwa hana budi kusafiri mpaka Nairobi. Kutoka mji wa Kitui ni mwendo wa kilomita zipatazo 170, na mtu wa Mutomo ana safari yake mwenyewe ya kufika Kitui kwanza. Wengi waliona nauli ni kubwa kuliko maumivu, wakabaki nyumbani.

Mambo yamebadilika kwa kiasi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, kilichoanza mwaka 1927, hufundisha mafundi wa picha na maafisa wa afya ya kinywa. Mwezi wa Februari 2015 serikali ya Kenya ilitia sahihi mikataba ya kupeleka vyombo vya tiba, vikiwamo vya eksirei, katika hospitali mbili za kila kaunti. Mwaka 2016 kaunti ya Makueni ilianzisha mpango wake wa matibabu, ambao kila jamaa ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Hospitali kuu za kaunti ziko Kitui na Wote, na mgonjwa aanze huko, au katika hospitali iliyo karibu naye, aulize habari za daktari wa meno na za picha. Mambo yaliyo makubwa hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na mahali pengine penye madaktari wa upasuaji wa taya.

JE, MIONZI HAINA MADHARA?

Swali hili ni la haki. Wa kwanza walioitumia hawakujua hatari yake. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans nchini Marekani, alianza kupiga picha za meno mwaka 1896, akishika filamu kwa mkono wake siku zote. Alipata kansa ya vidole, akakatwa vidole na hatimaye mkono, akafa mwaka 1928. Kwa mateso ya watu kama yeye dunia ilijifunza.

Leo mionzi hupimwa. Picha moja ndogo ya jino humletea mtu mionzi kadiri ya ile aipatayo kwa siku moja hivi kutoka ardhini na angani, pasipo kupigwa picha yo yote. Picha ya panorama ni kadiri ya siku chache. CT ya uso yaweza kuwa kadiri ya miezi kadhaa. Ndiyo sababu haipigwi kwa kila mtu, bali kwa yule ambaye faida yake yazidi hasara. Mwanamke mwenye mimba na amwambie fundi wa picha kabla ya kuanza. Nchini Kenya mashine hizi zipo chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kosa kubwa zaidi siku hizi ni kukatwa au kung'olewa jino pasipo picha iliyokuwa ikihitajiwa.

SI KILA UVIMBE NI KIFUKO

Jambo hili lisisahauliwe. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa kutisha aliouona katika mataya ya watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walifunga safari ndefu kwa motokaa kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo ulipoonekana. Walikuta ya kuwa hupatikana zaidi katika nchi zenye joto na mvua nyingi. Ugonjwa huo ni kansa, nao hukua kwa siku na majuma, si kwa miaka. Jambo la faraja ni kwamba dawa huweza kuuponya mtoto akifikishwa mapema.

Picha husaidia kuvitenganisha. Kifuko huwa na ukingo laini na mstari mweupe. Kansa hula mfupa ovyo kama mchwa alavyo ubao. Ukingo wake ni wa mikwaruzo, na meno huonekana kama yanaelea. Upo pia uvimbe mwingine wa taya unaofanana sana na kifuko katika picha, hali kifuko sicho. Kwa hiyo daktari haamini picha peke yake. Hutia sindano kuona kilichomo: maji ya rangi ya majani makavu yenye vipande vinavyometameta huelekeza kwenye kifuko, bali damu nyekundu humwonya asikate. Kisha hupeleka kipande cha ngozi ya kifuko kutazamwa kwa hadubini. Picha huonyesha mahali na ukubwa. Hadubini ndiyo itajayo jina.

BAADA YA PICHA

Kifuko kidogo hutolewa chote kwa dawa ya ganzi. Kifuko kikubwa mno hufunguliwa dirisha ili maji yatoke na kisinyae polepole, kisha hutolewa baadaye. Jino lililokufa huweza kusafishwa mzizi na kuzibwa badala ya kung'olewa, ikiwa bado lina nguvu. Mfupa hujijaza wenyewe, kwa miezi sita au mwaka, na pengine miaka miwili. Picha za baadaye huonyesha lile doa jeusi likipungua, kama shimo la mtoni linalojazwa mchanga na mafuriko.

Mwenye kuachwa bila matibabu hana bahati hiyo. Meno jirani hulegea, usaha huingia, pango la shavu huambukizwa, na uso hupoteza umbo lake. Kazi ambayo ingalimalizika kwa asubuhi moja huwa ya kulazwa hospitali.

MAMBO YA KUSHIKA

Jino la mbele lililogeuka kijivu, hata kama haliumi, lionyeshwe kwa daktari wa meno. Mtoto aliyepigwa meno atazamwe tena baada ya miezi michache. Chonge lisilotoka kwa wakati wake liulizwe. Uvimbe wa kaakaa, wa ufizi au wa kando ya pua usiopoa kwa majuma mawili usingojwe mavuno yapite. Uvimbe wa taya la mtoto unaokua upesi, au meno yake yanayolegea pasipo sababu, upelekwe hospitali siku ile ile. Na kabla ya jino kung'olewa kwa ajili ya uvimbe, mgonjwa na aulize kwa adabu: je, picha imepigwa? Akiisha kupigwa, aihifadhi picha hiyo au karatasi ya majibu yake, na kuichukua kila aendapo, kwa kuwa picha ya mwaka jana ndiyo ipimayo ya mwaka huu.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo la jino ndilo ufa wenyewe. Mwenye kulitengeneza mapema hatahitaji kuona picha ya kifuko katika taya lake. Na yule aliyechelewa asikate tamaa, bali aende akapigwe picha wakati mfupa ungali na nguvu ya kujijenga tena.